Kidole Gumba cha Kushoto

Ramani ya ubongo tunayofundishwa leo ina deni kwa watu wenye kifafa, na kwa waliobaki karibu nao wakati wengine wakikimbia.

Katika miaka ya 1860 jijini London, daktari John Hughlings Jackson alifuatilia wagonjwa ambao degedege lao lilianzia kwenye kidole gumba, likapanda mkononi, likafika usoni. Hakuwa na mashine ya kupiga picha ubongo. Alijiuliza tu: kama degedege linasafiri kwa mpangilio mwilini, si lazima ndani ya ubongo nako kuna mpangilio? Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, huko Berlin, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme, na miguu ya upande wa pili ikacheza. Miaka ya 1930 Wilder Penfield alifanya hivyo kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, mjini Montreal. Ramani yake ilionyesha kwamba mkono na uso vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo na tumbo.

Ndiyo maana dalili ya kwanza ina maana. Degedege linaloanzia sehemu ya kisogoni, inayoshughulikia kuona, huweza kuja na vimulimuli. Likianzia pembeni, juu ya sikio, mgonjwa huweza kunusa harufu isiyokuwepo. Mkono wa kushoto ukianza kucheza, tatizo hutafutwa upande wa kulia.

Nimekulia Issuna, wilayani Ikungi. Kwetu ilisemwa kwamba mapovu ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mtoto wa mama mkubwa alipoangukia mafigani, watu wazima walisimama mlangoni. Bibi ndiye aliyemvuta, na ndiye pekee aliyejua kwamba kila mara kilianza na kidole gumba cha kushoto. Ndugu yangu alipofikishwa hospitalini alikuwa na miaka 14 na ameshaacha shule. Daktari aliuliza, "Huwa inaanzia wapi?" Baba yake akanyamaza. Bibi akainua kidole chake.

Hofu ile haikuwa yetu peke yetu. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakitengwa kwa sababu ya mate yaleyale, wengi wakiwa na makovu ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki na kuwapa fenobabito, dawa iliyokuwa ikitibu kifafa tangu 1912. Alisikiliza familia, na akaandika kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa, miongo kadhaa kabla ya ugonjwa huo kuzua taharuki kaskazini mwa Uganda.

Jackson, Jilek-Aall na bibi hawakufahamiana, lakini walifanya kazi moja: kukaa na kutazama. Anayekimbia humwachia mgonjwa moto, na huondoka na ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Mapovu yale ni mate tu. Mtu akianguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Hesabu dakika, zikizidi tano, mpeleke hospitali. Na kumbuka kiungo kilichoanza kucheza.

Ndugu yangu anakunywa vidonge vyake kila jioni. Kovu la begani halijafutika, lakini kwa miaka sita sasa hajaanguka.