Sodiamu na Wenzake: Metali Moja, Macho Matatu

Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi, na zebaki hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 39 chini ya sifuri. Ziunganishe, atomu moja ya sodiamu kwa mbili za zebaki, nawe utapata kitu kigumu kisichoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 350. Potasiamu nayo huyeyuka kwenye nyuzi 63. Ichanganye na sodiamu, potasiamu ikiwa zaidi ya robo tatu ya uzito, na aloi hiyo haigandi mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri. Kwa nini mwenza mmoja aifanye sodiamu kuwa ngumu na mwingine ailegeze?

Wahandisi wa nyuklia hawakulihitaji jibu. Walichotaka ni kitu kinachotiririka na kubeba joto. Mtambo wa EBR-I wa Idaho, uliowasha balbu nne Desemba 1951, ulipozwa kwa aloi ya sodiamu na potasiamu, ambayo haigandi kwenye mabomba hata mtambo ukizimwa. Wasovieti waliipeleka angani ndani ya setilaiti zao za rada, na matone yaliyovuja bado yanaizunguka dunia. Lakini katika baadhi ya nyambizi zao walitumia risasi na bismuthi, aloi isiyolipuka ikikutana na maji, ila huganda kwenye nyuzi 125, hivyo ilibidi ipashwe moto hata meli ikiwa bandarini. Walichagua usumbufu wa kuganda badala ya hatari ya moto.

Watu wa zebaki walikuwa na shida nyingine. Katika miaka ya 1860, wakemia Wurtz wa Marekani na Crookes wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walipendekeza kutia sodiamu kidogo kwenye zebaki ya kukamatia dhahabu, kwa sababu zebaki iliyochafuka hutawanyika vipunje vipunje na kuiacha dhahabu ipite. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaujua vizuri uchungu wa hasara hiyo. Mwaka 1892 wakemia Castner na Kellner wakageuza kazi: umeme ukipitishwa kwenye maji ya chumvi, zebaki huimeza sodiamu, kisha huitema kwenye maji safi na kuacha kostiki soda ya kutengenezea sabuni.

Tazama aloi hiyo ikitengenezwa maabara, kwenye chombo kisicho na unyevu. Kipande cha sodiamu kinazamishwa kwenye zebaki kwa ncha ya ufito wa kioo. Kinatoa mlio, cheche zinaruka, na chombo kinapata moto. Mchanganyiko wa kawaida hauwaki hivyo. Hapo kuna kitu kimetolewa na kingine kimepokea.

Aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito ni mkemia Eduard Zintl wa Ujerumani, miaka ya 1930. Alipochunguza aloi ya sodiamu na thaliamu aliona atomu za thaliamu zimejipanga kama kaboni ndani ya almasi. Maelezo yake: sodiamu imeikabidhi thaliamu elektroni yake ya nje, na thaliamu, yenye tatu, sasa ina nne kama kaboni. Kwangu mimi, jicho hili ndilo linaloona mbali zaidi. Zebaki hupokea, ndiyo maana inafunga. Potasiamu haina hamu ya kupokea, kwani nayo ni mtoaji. Vifungo vinabaki dhaifu, na atomu zake kubwa zinavuruga mpangilio.

Risasi pia hupokea. Kipande cha risasi hakijali kloridi ya ethili, lakini kikiunganishwa na sodiamu, sehemu moja ya kumi kwa uzito, huikubali na kutoa tetraethili risasi. Sumu hiyo ilitiwa kwenye petroli ya dunia nzima. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Viwanda vya Marekani vilianza kuizalisha kabla Zintl hajaeleza kinachotokea ndani ya aloi kama hizo. Mwaka 1924, huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walishakufa kwa kuitengeneza.