Nauli ya kwenda Utete

Tuseme ni mwaka 2002, na vijana wa Kiongoroni, ndani ya delta ya Rufiji, wameitwa kucheza mpira makao makuu ya wilaya yao. Wanaondoka kwa boti wakifuata maji, wanashuka Nyamisati. Hapo wanatafuta gari la kuwafikisha Bungu, wanaingia Barabara ya Kilwa, wanaipita Kibiti, wanaipita Ikwiriri, wanafika Ndundu na kungoja pantoni iwavushe Mto Rufiji. Ng'ambo ya pili bado wana safari ya Nyamwage, kisha barabara ya kuingia Utete. Wakifika, ndipo wavae jezi.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, likaiondoa pantoni. Mwaka 2015 likaja jambo kubwa zaidi kwa vijana hao, ingawa halikutangazwa kama habari ya michezo: Wilaya ya Rufiji iligawanywa, na Kibiti ikawa wilaya. Kata tano za delta, yaani Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala, zikaangukia upande wa Kibiti. Safari ya Utete ikakatika katikati. Daraja, Nyamwage na nauli yake vikabaki kuwa shughuli za watu wa Rufiji.

Naianza historia ya ligi zetu hapo kwa sababu ngazi ya soka nchini imejengwa juu ya ramani ya serikali. Bingwa wa wilaya anapanda kucheza ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na kutoka hapo anatafuta njia ya kupanda hadi Ligi Kuu. Serikali ikichora mstari mpya wa wilaya, bingwa mmoja anazaliwa. Ikichora mkoa mpya, nafasi moja ya taifa inazaliwa. Ni mabadiliko yanayofanywa na maofisa wa ardhi na tawala za mikoa, na mchezaji wa mchangani anayapokea bila kuulizwa.

Pwani yenyewe, mkoa wa Rufiji na Kibiti, imeshaonja hayo. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, Dar es Salaam na Rufiji zilikuwa ndani ya mkoa mmoja. Dar ilipojitenga miaka ya 1970, Pwani ilibaki na umbo la ajabu, umbo ambalo mpaka leo linaitesa timu yoyote ya kusini mwa mkoa. Makao makuu yako Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro. Kibiti iko kwenye Barabara ya Kilwa, takriban kilomita 130 kusini mwa Dar. Kwa njia ya kawaida, timu ya Kibiti ikienda Kibaha kucheza ligi ya mkoa wake hutoka ndani ya mkoa, ikapita Mbagala na foleni zake, ikalikata jiji zima la mkoa mwingine, ndipo irudi Pwani. Mafia ina kazi zaidi: Kilindoni hadi Nyamisati kwa maji, Nyamisati hadi Bungu, halafu mzunguko uleule. Sishangai kwamba jina kubwa la mkoa huu kwenye Ligi Kuu kwa miaka mingi lilikuwa Ruvu Shooting ya Mlandizi, timu ya jeshi iliyokaa kwenye barabara ileile ya Kibaha.

Kwamba mstari wa ramani unaweza kuinua timu, ushahidi upo. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ikafuata 2016. Haikupita miaka mingi, Njombe Mji ikawa Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Ilishuka msimu huohuo, lakini mji ambao miaka michache kabla ulikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa ulikuwa umeziona Simba na Yanga zikija kwake kama wageni. Geita ilikwenda mbali zaidi. Geita Gold ilipanda na katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Ilishuka 2024, na hata hivyo msimu ule haufutiki.

Njia ya Geita, lakini, ilipitia kwenye aibu, na aibu hiyo ilizaliwa na jinsi ligi ilivyopangwa. Msimu wa 2015/16 Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na makundi matatu ya timu nane nane, na kila kundi lilipandisha timu moja tu. Siku ya mwisho ya Kundi C, Geita iliifunga JKT Kanembwa 8-0, wakati Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la soka nchini, TFF, liliamua kwamba kulikuwa na upangaji wa matokeo, likazishusha zote nne, na Mbao FC ya Mwanza ikajikuta imepanda. Ukiweka timu nane kwenye kundi na mlango mmoja, siku ya mwisho mabao huwa na bei. Simtetei aliyeyanunua. Nasema tu kwamba aliyepanga makundi naye alichangia, na mfumo huo ulikuja kuachwa.

Ligi Kuu nayo imekuwa ikitanuka na kusinyaa. Ilipoanza mwaka 1965 bingwa alikuwa Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Zilikuwapo enzi ambazo ubingwa ulikwenda miji ya mikoani: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars kutoka Rungwe 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Tangu Mtibwa Sugar walipotwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, ni Azam FC peke yao, msimu wa 2013/14, waliowahi kuzipokonya Simba na Yanga ubingwa. Mwaka 2018 ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 20. Sita zilipanda kwa mpigo: JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union, Biashara United na Alliance. Kila timu ikalazimika kucheza mechi 38, kutoka Mwanza hadi Mtwara, na msimu huo wa 2018/19 ulichezwa bila mdhamini mkuu. Wachezaji walisafiri kwa basi usiku na mchana. Mwaka 2020 ligi ikapunguzwa hadi 18, mwaka uliofuata ikarudi 16. Ilichukua miaka mitatu kurudi tulikotoka, na gharama zililipwa na klabu ndogo.

Marekani jambo hili la kupanga upya ligi na kurefusha safari lina ukubwa wa kutisha. Vyuo vikuu vyao hucheza mpira wao wa Kimarekani katika miungano ambayo zamani iliwaunganisha majirani. Fedha za televisheni zimeuvunja ujirani huo. Mwaka 2024 UCLA, USC, Oregon na Washington, vyote vya pwani ya magharibi, viliuacha muungano wao wa Pac-12 na kuingia Big Ten, ambako vinakutana na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa nchi. Vyuo vidogo vinavyobaki nyuma hutafuta pa kujishikiza. Kwetu fedha za televisheni pia zimekuja: mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Ni fedha za Ligi Kuu, na kadiri ngazi ya juu inavyonona ndivyo watu wanavyotafuta njia ya mkato ya kuifikia. Ihefu ilipanda mwaka 2020 ikiwa timu ya Ubaruku, wilayani Mbarali. Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida na kuwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Mbarali waliojaza uwanja wao waliamka hawana timu, na hakuna aliyewafunga.

Kibiti haijawahi kunyang'anywa timu kwa namna hiyo kwa sababu haijawa nayo. Ligi Kuu inaijua Kibiti kwa dirisha la basi. Ndanda ya Mtwara ilipokuwa juu, kila mgeni wake aliyesafiri kwa barabara alipita hapa. Namungo ya Ruangwa ilipopanda 2019, mabasi yakaongezeka. Namungo inatoka mbali zaidi na Dar kuliko Kibiti, na katika msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani. Umbali peke yake, basi, haukatazi. Ruangwa ilikuwa na uwanja na watu wa kuibeba timu. Kibiti, katika miaka ileile ambayo wilaya mpya ingeanza kujenga ligi yake, ilikuwa inazika watu.

Mauaji ya 2016 na 2017 yaliwachukua viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Serikali ikaziunganisha Kibiti, Rufiji na Mkuranga kuwa kanda maalumu ya kipolisi, na pikipiki zikazuiwa kutembea usiku. Mechi yetu huanza saa kumi na kwisha karibu na magharibi. Piga hesabu mwenyewe: mtazamaji wa kijiji cha mbali arudi kwa usafiri gani, na saa ngapi? Wilaya ilipata mstari wake kwenye ramani wakati watu wake wanaogopa kukusanyika. Amani iliporudi ikaja Aprili 2024, mafuriko yakaingia mashambani na majumbani, Kibiti na Rufiji zote mbili.

Ndani ya delta, mpira una ratiba yake ya zamani. Huko kati ya kijiji na kijiji kuna mikoko, makumi ya maelfu ya hekta zake, na mifereji inayojaa na kukauka. Ugenini unakwenda kwa maji yanayojaa na kurudi kabla hayajapwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, kuna njia nyingi za kupita. Maji mafu yakiingia, yale yasiyojaa sana, baadhi ya mifereji haipitiki na chombo kinakwama kwenye tope. Ratiba ya ligi hupangwa kwa tarehe na saa, na timu isiyofika uwanjani kwa muda wa kanuni hupoteza mchezo. Kwa hiyo vijana wa Kiongoroni, ambao sasa mwisho wa safari yao ni Kibiti na si Utete, bado wanahitaji mtu wa kukaa na mpangaji wa ratiba akiwa ameshika kalenda ya mwezi mwandamo mkononi. Bila huyo, mechi ya saa kumi itakayoangukia siku ya maji mafu itachezwa na timu moja, mwamuzi atapuliza filimbi, na pointi tatu zitatolewa mezani.