Chai ya Maziwa na Chapati: Kutafuta Mkahawa Mzuri Katesh

Leo tutaingia mkahawani. Huenda ukacheka ukasema, "Mwalimu leo ana njaa." Ni kweli, sikatai. Lakini njaa ya mwalimu isikupoteze. Mkahawa ni mahali pa historia kama lilivyo boma la zamani au kaburi la chifu, ila hapa historia huletwa mezani ikiwa bado moto.

Basi tuseme umeshuka katika basi mjini Katesh asubuhi, nawe hujawahi kufika. Mlima Hanang uko nyuma ya mji, mita 3,417 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake inateremka hadi kituoni. Unataka chai. Mbele yako, kando ya barabara kuu, ziko hoteli za wasafiri zenye vibao vya rangi. Nyuma yao, katika vichochoro na katika mitaa ya watu, ziko hoteli ndogo ambazo pengine hazina kibao, ila moshi na sauti ya kisu kikigonga ubao wa nyama. Je, uingie wapi? Swali ni dogo. Mimi nasema hutalijibu vema mpaka ujue mambo mawili: maziwa ya chai hii yametoka wapi, na unga wa chapati hii umetoka wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Mkahawa, au mgahawa kama wengi wanavyosema, ni neno lililozaliwa na kahawa. Huko pwani watu walikaa mabarazani wakanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na habari za mji zikapita hapo. Neno liliposafiri kuja bara, kahawa yenyewe ilibaki nyuma. Ukiagiza kinywaji Katesh bila kufafanua, utaletewa chai. Na "hoteli" kwetu si lazima iwe nyumba ya kulala; ni mahali pa kula, hata kama ni benchi moja na meza yenye mguu mfupi.

Zamani mahali pa namna hii hapakuwapo. Mgeni aliyefika kwa Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, alipewa maziwa. Na katika sherehe kubwa wazee walikunywa pombe ya asali. Aliyefika kwa Wairaki alikaribishwa ugali na, kukiwa na sherehe, pombe ya nafaka. Hakuna aliyetoa fedha. Kumwuzia mgeni chakula lingekuwa jambo la aibu, na hata leo utakuta wazee ambao hawapendi kula hotelini kwa sababu hiyo hiyo: wanaona kama wamekosa ndugu katika mji.

Ni nini basi kilicholeta chakula cha kuuzwa? Kwanza kodi. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha, na mfugaji hana fedha ila ng'ombe. Kwa hiyo minada ya ng'ombe ikaenea, na baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Tanganyika Packers huko Dar es Salaam nacho kikahitaji ng'ombe wengi wa bara. Mnada huwakusanya watu wasiojuana, walio mbali na nyumba zao, nao wana fedha mfukoni. Hapo ndipo mwenye sufuria anapopata riziki. Pili yalikuja malori. Dereva na utingo wake hawana jamaa katika kila mji. Wanahitaji mahali pa kula saa yoyote. Katika miji midogo ya bara wafanya biashara Wahindi, Waarabu na Wasomali walifungua maduka, na kando ya duka palikuwa na birika. Hata leo, siku ya mnada wa kila mwezi wa Katesh, mikahawa hutoka mjini ikawafuata watu uwanjani, nyama ikachomwa juu ya makaa tangu asubuhi. Ukifika siku hiyo usihangaike kutafuta hoteli, fuata harufu.

Sasa tazama kikombe chako. Majani ya chai yana historia fupi kuliko unavyodhani. Wajerumani waliyajaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo cha chai cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Sukari ilianza kutengenezwa Arusha Chini, kusini ya Moshi, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo chai yenye sukari, ambayo tunaiona kama desturi ya mababu, kwa watu wa Hanang ina umri wa babu mmoja au wawili tu. Kilichokuwa cha wenyeji katika kikombe kile ni maziwa.

Na maziwa hayo ni habari ya wanawake. Katika boma la Kibarabaig ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mume, lakini kukamua, kugawa na kuuza maziwa ni shauri la mama wa nyumba. Mama anayefika Katesh alfajiri na chombo cha maziwa, akapita kwa wateja wake wa hotelini, amekwisha tembea mwendo ambao wewe uliyeshuka katika basi hutaki hata kuufikiri. Kwa fedha ile atanunua unga, sukari na madaftari ya watoto. Mwenye hoteli anayemjua mama huyu kwa jina ana chai nzuri. Asiyemjua atakuletea chai ya rangi, au maziwa ya unga.

Sasa chapati. Hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye somo letu.

Chapati ni jina na mapishi ya Kihindi, na ngano haikuwa chakula cha watu wa nyanda hizi. Lakini magharibi ya Katesh, kuelekea Basotu, kuna nyanda tambarare zenye udongo mzito wenye rutuba. Wabarabaig waliita malisho ya namna hiyo muhajega. Hawakukaa huko mwaka mzima. Walipeleka ng'ombe wakati wa mvua, majani yalipokuwa mabichi, kisha wakahamia malisho mengine ili ardhi ipumzike. Mtu asiyejua, akipita wakati wa kiangazi, angeiona nchi tupu. Na watu wa mipango waliona hivyo hivyo: ardhi nzuri isiyo na mtu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, ulianza mpango wa kulima ngano katika nyanda hizo. Shirika la umma lililoitwa NAFCO lilisimamia mashamba. Kanada ilitoa wataalamu, fedha na mitambo. Mashamba yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kwa pamoja yalifikia kama hekta 40,000, yaani karibu eka 100,000. Nchi ilikuwa inataka mkate, miji ilikuwa inakua, na kununua ngano ng'ambo kulikula fedha za kigeni. Hayo ni mambo ya kweli, wala haifai kuyadharau. Mavuno yalipatikana, tena mengi.

Lakini muhajega ilikuwa imefungwa. Njia za mifugo kwenda kwenye maji na chumvi zilikatwa na mashamba. Makaburi ya wazee, yale wanayoyaita bung'ed, yaliyojengwa kwa heshima kubwa ya ukoo mzima, mengine yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw na baadhi ya wakazi wake walifungua shauri. Mahakama Kuu iliwapa haki. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kilipewa ardhi ile kwa taratibu za sheria, na kwamba karibu wadai wote hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyotumika. Nakuacha ulifikirie jambo hilo kwa nafasi yako: Mbarabaig, katika nchi ya Wabarabaig, anatakiwa kuleta ushahidi kwamba ni mwenyeji.

Msaada wa Kanada ulikwisha katika miaka ya 1990. Baadaye, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, baadhi ya mashamba yaligawiwa wananchi na mengine yakaenda kwa wawekezaji.

Rudi sasa mezani. Chapati na chai ya maziwa zimekaa sahani kwa kikombe, zinapendana sana. Lakini unga wa ngano ulitakiwa kutoka katika nyanda zile, na maziwa yalitakiwa kutoka kwa ng'ombe waliolishwa katika nyanda zile zile. Kimoja kilipopanuka, kingine kilibanwa, maana ng'ombe aliyekosa majani ya masika hana la kukamuliwa. Tena, uchungu zaidi, ngano ya Basotu haikusagwa Katesh. Ilipakiwa ikapita mbele ya hoteli kwenda kwenye mashine kubwa za Arusha, na mpishi wa Katesh akanunua unga dukani kama mtu wa mjini yeyote.

Nitapita upesi juu ya miaka ya shida, kwa kuwa wengi mnaikumbuka au mmesimuliwa na wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilikuwa haba nchini kote. Mwaka 1983 ilipigwa vita dhidi ya walanguzi. Na mkahawa mwingi ulibaki na uji na viazi. Biashara ilipofunguliwa tena katika nusu ya pili ya miaka ile, waliojaza pengo hawakuwa wenye hoteli wa zamani. Walikuwa akina mama wenye sufuria mbili na kanga moja ya kufunika chakula. Watu wakawaita mama ntilie, kwa sababu mteja alisimama na sahani akisema, "Mama, nitilie." Baadaye likaja jina la heshima zaidi, mama lishe. Mimi naona lile la kwanza lilikuwa na ukweli zaidi, maana lilimtaja na mwenye njaa.

Mwaka 1985 Babati na Hanang ziligawanywa kuwa wilaya mbili, na Katesh ikawa makao ya Wilaya ya Hanang. Maofisa wakaja, na karani anayelala peke yake katika chumba cha kupanga hula hotelini mara tatu kwa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lami kutoka Singida hadi Minjingu, zaidi ya kilomita 220, ilikamilika. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini msafiri ambaye zamani alilala Katesh kwa sababu ya matope, sasa hushuka dakika kumi, hununua yai na soda, akaondoka. Ndiyo maana hoteli za barabarani hupika vya haraka vinavyokaa kabatini, na wenye kupika kwa utulivu wamerudi ndani, mitaani, kwa wateja watakaokuja tena kesho.

Kwa hiyo ukishuka, ndugu yangu, vuka barabara ya lami, ingia mitaani. Usimwulize mpiga debe. Atakupeleka kwa shemeji yake. Mwulize fundi cherehani au mwenye duka la vipuri, "Samahani kaka, wewe asubuhi hunywa chai kwa nani?" Ukifika, tazama chapati inasukumwa hapo hapo au imetolewa kabatini. Tazama maji ya kunawa. Tazama walioketi: ukiona Mbarabaig mwenye shuka na fimbo yake, karani, na dereva wamekaa benchi moja, kaa nao. Kisha mwambie mama, "Shikamoo mama, naomba chai ya maziwa," na uulize maziwa yametoka wapi. Akikujibu kwa jina la mtu, umefika. Kama ni supu ya mbuzi unayoitaka, fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo utapewa mchuzi na mifupa.

Sina budi kutaja tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri ya Jumapili ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo yalishuka hadi Gendabi, Jorodom na mjini Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyumba na maduka vilifunikwa, na waliookoka wakahifadhiwa shuleni, ambako chakula kilipikwa katika masufuria makubwa na hakuna aliyelipa, kama zamani zile nilizozisema. Baadaye serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makao. Zilijengwa Waret. Jina hilo umelisoma hapo juu, katika yale mashamba saba.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo: kila mmoja aende kwenye mkahawa ulio karibu na nyumba yake, si ule wa stendi. Aandike kitu kimoja alichokula, kilipandwa au kukamuliwa wapi, na ardhi ile ilikuwa ya nani mwaka aliozaliwa bibi yake. Asiyejua kuandika amtume mtoto, wote tutasikiliza. Chai kila mtu atajilipia.