Kutoa si Kutoka: Safari ya Sheria ya Mimba Pwani

Kiswahili cha Pwani hakichanganyi mambo haya mawili. Mimba ikitoka, majirani huja na uji na pole. Mimba ikitolewa, mlango hufungwa na watu hunong'ona. Kati ya kutoka na kutoa ipo herufi moja tu, na herufi hiyo imewahi kumweka msichana wa Kilifi rumande.

Nianzie Airport, Mombasa. Kwa mgeni, Airport ni mahali pa kupandia ndege. Kwa mtu wa Changamwe ni wadi, yenye nyumba za kupanga, vioski na akina mama wanaongoja matatu asubuhi. Uwanja wenyewe ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1979 ukawa wa kimataifa. Sheria ya mimba ilitua hapa mapema zaidi, tena kwa njia ya India. Mwaka 1897, mwambao huu ukiwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, London ilitoa agizo lililoleta Afrika Mashariki kanuni za jinai za India za mwaka 1860. Kifungu cha 312 kilitoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa atakayesababisha mimba kuharibika, na hadi miaka 7 ikiwa mtoto ameanza kucheza tumboni. Lakini ndani ya kifungu hichohicho mlikuwa na mlango: asihukumiwe atendaye kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama.

Mwaka 1930 koloni la Kenya likapata kanuni zake lenyewe, na mlango ule ukahamishwa. Kwa namba za leo, kifungu cha 158 kiliweka miaka 14 kwa mwenye kumtoa mwanamke mimba, cha 159 miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, cha 160 miaka 3 kwa mwenye kutoa dawa au vifaa. Daktari anayepasua kwa nia njema ili kuhifadhi maisha ya mama akawekwa kifungu cha 240, kurasa nyingi mbele. Nakiri huu ni uchokozi wangu, lakini nina hakika askari wengi walioisoma 158 hawakufika 240. Wala hawakutulia kwenye neno lililomo humo 158 kwenyewe: kosa ni kutoa mimba «kinyume cha sheria». Aliyeliandika neno hilo alijua kwamba iko namna nyingine.

Majaji walilijua pia. Mwaka 1938 mjini London, daktari Aleck Bourne aliachiwa huru baada ya kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Mahakama ilikubali kwamba kuhifadhi maisha ni pamoja na kuhifadhi afya. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Kenya, ikafuata njia hiyo. Habari hizo zilibaki kwenye majuzuu ya mawakili.

Na kadhi je? Katiba inamwachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu; jinai haimhusu. Kwa hiyo mjadala mrefu wa mafakihi kuhusu siku 120 kabla ya roho kupulizwa, ambao hata Mashafii wana kauli zaidi ya moja juu yake, hausikiki katika kesi ya kifungu cha 158. Hata hivyo kadhi na mimba viliwahi kufungwa furushi moja. Kabla ya kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga rasimu ya katiba kwa sababu hizo mbili. Rasimu ikapita.

Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha katika fungu la 4 inakataza kutoa mimba isipokuwa pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Kumbuka: mhudumu aliyefunzwa, si daktari peke yake. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba muuguzi, mkunga na tabibu wamo. Kanuni za 1930 hazikuguswa.

Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa huduma hiyo mwaka 2012, kisha ikauondoa Desemba 2013. Utafiti wa wizara hiyohiyo na kituo cha utafiti cha APHRC ulikuwa umekadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa madhara yake. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo huo kulivunja haki. Kesi ilihusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kienyeji, akafa mwaka 2018 kwa maradhi yaliyofuata. Mama yake alipewa fidia ya shilingi milioni 3.

Miezi michache baadaye, Septemba 2019, mambo yakarudi Pwani. Huko Ganze, Kilifi, msichana aliyekuwa bado shuleni alifika zahanati akiumwa na kutokwa damu. Tabibu aliona mimba imetoka, akamsafisha kama kazi yake inavyomtaka. Polisi waliingia, wakachukua rekodi za matibabu, wakawakamata wote wawili. Msichana alilazimishwa kupimwa tena, akatakiwa kutia sahihi maelezo asiyoyakubali, akakaa rumande zaidi ya mwezi. Tabibu alisema imetoka. Wao walishikilia imetolewa.

Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi, ilifuta mashtaka dhidi ya wote wawili, ikasema huduma ya kutoa mimba ni haki chini ya katiba, ikaliagiza Bunge litunge sheria inayolingana nayo. Rufaa ilikatwa. Hukumu hiyo haikutoka Nairobi. Ilitoka kwenye mwambao uleule ulioletewa sheria kutoka India mwaka 1897.