Masisi na Walikale: Mbwa walioachwa na vita

Zamani, katika misitu ya Walikale, mbwa alikuwa mwenzi wa mwindaji. Mbwa wa asili wa msitu wa Kongo habweki kama wengine. Ndiyo maana wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni, wajue amefika wapi. Mbwa alijulikana ni wa nani.

Vita ilivuruga hayo. Mwezi wa tatu mwaka 1993, mauaji yalianzia sokoni Ntoto, teritware ya Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Tangu hapo wakaaji wamekimbia mara nyingi. Anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria, mbwa anabaki. Huyo anakula jalalani na kuzaa ovyo. Jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano au sita kila mara.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa, ambacho wengi wanakiita raji. Chanjo ya kumwokoa mtu aliyeumwa ipo tangu Louis Pasteur alipoitumia mwaka 1885. Lakini dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa anakufa.

Mahali pengi viongozi walijibu kwa kuua mbwa. Haikumaliza ugonjwa: waliobaki walizaa, wengine wakaingia kutoka jirani. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichagua kuchanja. Mwaka 2014 ugonjwa ulikoma. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena, ukakoma mwaka 2018. Wataalamu wanaomba mbwa 70 kwa kila 100 wachanjwe.

Kuhasi kunasaidia kazi hiyo, kwani watoto wa mbwa wanaozaliwa kila mwaka bila chanjo wanapungua. Si jambo geni: wafugaji wa Masisi wanajua kuhasi ng'ombe dume. Kwa mbwa, veterineri anampa dawa ya usingizi, anatoa kokwa za dume au kizazi cha jike.

Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za Bulengo na Lushagala karibu na Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikashika njia ya kurudi vijijini. Nyumba iliyoachwa muda mrefu inaweza kuwa na mbwa asiye na mwenyewe. Watoto wasimchokoze. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo.