Eugene Bullard: leseni ya urubani anayo, ila jeshi halimtaki

Ukizungumzia marubani weusi wa kwanza wa kivita duniani, jina la Eugene Bullard halikwepeki. Alizaliwa mwaka 1895 Columbus, jimbo la Georgia, Marekani. Akiwa mtoto, kundi la Wazungu lilikuja nyumbani kwao usiku kumsaka baba yake wamuue. Baba alinusurika, lakini kijana akabaki na wazo moja tu kichwani: Ufaransa, ambako alisikia kuwa mtu mweusi naye huhesabiwa mtu. Mwaka 1912 akazamia meli, akashukia Aberdeen, Uskoti. Akaishi kwa ngumi za ulingoni mpaka akafika Paris.

Vita ilipoanza 1914 akajiunga na kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa. Mwaka 1916 akajeruhiwa vibaya Verdun. Wengi hapo ndo ungekuwa mwisho. Yeye akaomba kwenda angani. Mei 1917 akapata leseni, na kuanzia Agosti akawa anarusha ndege za kivita. Alidai kuangusha mbili za Wajerumani. Hazikuthibitishwa rasmi, na kusema kweli hatuzihitaji ili tumheshimu.

Sasa fuatilia hapa. Marekani nayo ilikuwa imeingia vitani, ikawa inawachukua raia wake waliokuwa marubani wa Ufaransa. Bullard akaomba, akaitwa kupimwa afya. Kwa simulizi yake mwenyewe, daktari alimwambia ana nyayo bapa. Akajibu kwamba alishapigana katika jeshi la miguu. Daktari akahamia kwenye tonsili, eti ni kubwa. Bullard akamwambia hakuja kuimba opera. Vipimo akafaulu. Wenzake weupe wakahamishwa, yeye akaachwa, kwa sababu jeshi la anga la Marekani halikupokea marubani weusi. Basi, tonsili hazikuhusika.

Na usidhani Ufaransa ilikuwa peponi: Novemba mwaka huohuo, baada ya kugombana na ofisa mmoja, akaondolewa kwenye ndege na kurudishwa jeshi la miguu.

Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa akapigana tena, akajeruhiwa, akakimbilia New York. Huko akaishia kuwa mwendesha lifti Rockefeller Center. Ufaransa ilimtunuku nishani yake ya juu mwaka 1959, na televisheni ya NBC ikamhoji akiwa na sare yake ya lifti. Alifariki 1961. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 77 tangu apimwe zile tonsili.