Mama ameuliza: nyama ya huku ni ya asili au ya madawa?

Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Huku Stockholm ni Desemba, saa tisa alasiri giza limeshaingia.

Juzi mama kaniuliza kwa simu: "Mwanangu, nyama mnayokula huko ni ya asili au ya madawa?" Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, maana jibu lina historia.

Dukani utakuta pakiti zimeandikwa "naturlig", yaani asilia. Msibabaike nalo, ni neno la biashara tu, halina masharti yake ya ufugaji. Neno lenye sheria ni "ekologisk", ile tunayoita kilimo hai. Umoja wa Ulaya ulianza kulilinda mwaka 1991 kwa mazao, na mwaka 1999 ukaongeza mifugo. Alama yake ni jani la nyota juu ya kijani, lililoanza kutumika 2010. Waswidi wana alama yao pia, KRAV, iliyoanzishwa 1985, na masharti yake ni makali zaidi. Mnyama lazima ale chakula cha kilimo hai na atoke nje. Akiumwa anatibiwa, lakini muda wa kusubiri kabla ya kuchinjwa huwa mrefu zaidi.

Lakini kabla ya vibandiko palikuwa na msiba. Mwaka 1953 nyama kutoka machinjio ya mji wa Alvesta ilieneza salmonela. Watu kama 9,000 waliugua, na wapatao 90 wakafa. Tangu hapo Uswidi haifanyi mchezo na salmonela.

Mwaka 1985 Astrid Lindgren, yule bibi mwandishi wa Pippi, akaanza kuandika magazetini pamoja na daktari wa mifugo Kristina Forslund, akitetea ng'ombe, nguruwe na kuku waliofungiwa ndani maisha yao yote. Alipotimiza miaka 80, mwaka 1987, waziri mkuu Ingvar Carlsson alimwendea nyumbani na kumwahidi sheria mpya. Ilipitishwa 1988, ingawa bibi mwenyewe hakuridhika nayo.

Jambo linalonigusa mimi kama muuguzi ni la 1986. Mwaka huo Uswidi ilipiga marufuku kuwalisha mifugo antibiotiki ili wakue haraka, nchi ya kwanza duniani, na chama cha wakulima wenyewe ndicho kilichoomba! Umoja wa Ulaya ulifika hapo 2006, miaka 20 baadaye. Kwa hiyo mama, hata nyama ya kawaida ya Uswidi, isiyo na kibandiko cha kijani, haikukuzwa kwa dawa hizo. Mimi mfuko ukiwa mwepesi nanunua hiyo, na moyo unatulia.

Kwa nini nalipigia kelele? Wodini nimemuuguza mzee mwenye kidonda mguuni, vijidudu vikagoma dawa tatu. Tulimtenga chumba cha peke yake, kila tukiingia ni joho na glavu. Wajukuu walimpungia mkono mlangoni. Vijidudu vinajifunza kila mahali dawa inapotumika ovyo, hospitali au bandani.

Sasa wewe mdogo wangu wa kuku, najua unasoma. Uliniambia unawawekea vifaranga antibiotiki kwenye maji kila wiki, eti kinga. Acha, tafadhali. Kinga ni chanjo, banda kavu na maji safi. Kuku akiumwa mwite mtaalamu wa mifugo, na usiuze nyama wala mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hata Afrika Mashariki tuna alama yetu, Kilimohai, tangu 2007. Siku moja nataka kuiona kwenye trei zako.

Mama, nakula vizuri. Ila kuku wako wa kienyeji namkumbuka sana!

Wasalaam, nawapenda wote.